Manjano ya "nano", unga wa mlonge na kijiko kimoja cha mafuta

Swali: "Ni mjasiriamali mdogo hapa Rau, Moshi. Nasaga manjano na majani ya mlonge, nafungasha pakiti za gramu 100 na kuuza Mbuyuni. Siku hizi wateja wananionyesha kwenye simu chupa za 'nano manjano', wanaambiwa manjano ya kawaida yanapita tu tumboni bila faida. Kuna kijana ananishawishi ninunue mashine ya mawimbi ya sauti ili na mimi niandike 'nano' kwenye pakiti. Je, unga wangu hauna maana? Nikichanganya na pilipili manga inatosha? Hiyo nano naweza kuitengeneza kwa blenda? Wateja wangu wengi ni wazee wa presha na kisukari, sitaki kuwadhuru."

Dada yangu wa Rau, habari za huko. Nashukuru umeuliza kabla hujatoa hela, na nashukuru zaidi kwamba swali lako umelimalizia kwa wazee wako. Nianze na majibu yenyewe, sababu zifuate. Mashine usinunue. Neno "nano" usiliandike. Pilipili manga usiichanganye kwenye unga unaowauzia watu wanaomeza dawa kila siku. Na bidhaa yako yenye mengi ya kuvuna kwenye elimu hii si manjano, ni mlonge.

Tuanze na manjano, maana ndiyo yaliyozua maneno. Wanaosema kiambata chake hakifyonzwi vizuri hawadanganyi. Kiambata hicho ni kurkumini, ndicho kinachoyapa manjano rangi, na kwenye unga mkavu kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 5 ya uzito. Kina vikwazo viwili, na lazima tuvitenganishe kwa sababu kila kimoja kina njia yake. Kwanza, hakiyeyuki kwenye maji, na utumbo ni mahali pa majimaji. Kisichoyeyuka hakiufikii ukuta wa utumbo, kwa hiyo sehemu kubwa hutoka na choo. Pili, hata kile kidogo kinachovuka, ukuta wa utumbo na ini hukiwahi na kukiunganisha na asidi ya glukuroni ili kitolewe nje haraka. Kurkumini iliyokwisha kuunganishwa hivyo haifanyi kazi sawa na kurkumini huru.

Pilipili manga inagusa kikwazo cha pili. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walichapisha jaribio ambalo wauzaji hawachoki kulitaja: watu walipewa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2,000. Wengi husoma hapo wakafunga ukurasa. Hebu tupige hesabu. Kwa unga wenye asilimia 3 ya kurkumini, gramu 2 za kurkumini zinataka gramu 67 hivi za unga, yaani theluthi mbili ya pakiti yako, kwa mkupuo mmoja. Hakuna anayekula hivyo. Halafu, waliopewa kurkumini peke yake kwenye jaribio lile damu yao haikuonyesha kitu, au ilionyesha kidogo mno. Ongezeko la asilimia 2,000 juu ya kitu kinachokaribia sifuri linasikika kubwa kuliko lilivyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni namna piperini inavyofanya kazi. Inapunguza nguvu ya vimeng'enya vya utumbo na ini, yaani protini zinazovunja na kubadilisha vitu mwilini, na vimeng'enya hivyo havihudumii kurkumini tu. Vinaondoa pia dawa nyingi mwilini. Majaribio kwa binadamu yameonyesha piperini ikipandisha kiwango cha propranololi kwenye damu, na hiyo ni dawa ya presha, pamoja na fenitoini ya kifafa. Pilipili ya kwenye pilau au kwenye chai ya maziwa haina neno, watu wameila miaka yote. Ila ukiiweka kwenye unga ambao mzee anakunywa asubuhi na jioni kwa nia ya tiba, unaweza kuwa umebadilisha dozi ya dawa yake bila daktari wake kujua. Hiyo ndiyo sababu nimekuambia usichanganye.

Sasa hiyo nano. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Teknolojia inayouzwa kwa jina hilo kwenye vyakula inashughulikia kikwazo cha kwanza, kile cha kutoyeyuka. Kiambata huyeyushwa kwanza kwenye mafuta, kisha mafuta hayo hupasuliwa yakawa matone madogo sana ndani ya maji, na kila tone huvikwa kitu kinachopatana na maji na mafuta pia, kama lesithini ya kiini cha yai au ya soya, au protini ya maziwa. Matone yakiwa chini ya nanomita 200 hivi huitwa nanoemalsheni. Udogo una faida ya wazi: mafuta ya ujazo uleule, ukiyatoa kwenye matone ya nanomita 10,000 ukayafanya ya nanomita 100, eneo lao la nje linaongezeka mara 100, na vimeng'enya vya kongosho hushambulia mafuta kwenye eneo hilo la nje. Mafuta yakisagika haraka, kiambata kilichomo nacho kinaachiwa haraka.

Njia nyingine ni protini ya mahindi. Mahindi yana protini iitwayo zeini, isiyoyeyuka kwenye maji ila huyeyuka kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 90. Watafiti huyeyusha zeini na kurkumini pamoja kwenye alkoholi, wakaimimina kwenye maji. Zeini ikikutana na maji hujikusanya yenyewe kuwa chembe za kiwango cha nano zilizoibana kurkumini ndani. Napenda sana kuwaeleza wanafunzi jambo hili, kwa kuwa malighafi yake ni ileile ya ugali wetu, ingawa kula ugali na manjano hakufanyi kitu cha namna hiyo.

Je, inafanya kazi kwa binadamu? Kwa kipimo cha damu, ndiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, waliwapa watu wazima wenye afya miligramu 500 za kurkumini kwa namna tatu. Iliyosagwa laini sana ilifyonzwa mara 9 zaidi ya unga wa kawaida wa kurkumini, na ile iliyofungashwa kwenye vifuko vya kimiminika vya kiwango cha nano, mara 185. Mara 185! Nakuelewa ukitamani kuiandika kwenye pakiti. Lakini kilichopimwa kilijumlisha kurkumini iliyokwisha kuunganishwa na asidi ile ya kutolewa nje, siyo kurkumini huru peke yake. Kifuko kinakivusha kiambata ukutani, ila ini linabaki palepale likifanya kazi yake.

Na hata kikivuka, swali la maana kwa mzee wako ni kama kinamsaidia. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa walipitia utafiti wa kurkumini wakaeleza kwamba, pamoja na majaribio zaidi ya 120 kwa wagonjwa, hapakuwa na hata moja lenye udhibiti kamili lililofaulu kuthibitisha kwamba inatibu ugonjwa. Waliongeza kwamba kiambata hiki kinaweza kuvipumbaza vipimo vya maabara vikaonyesha nguvu isiyokuwepo. Mimi nayapenda manjano kwenye chakula na sitaacha kuyatia. Kuwauzia watu wa kisukari kama tiba ni jambo jingine.

Kuna na upande wa madhara, ambao wauzaji wa chupa hawautaji. Mwaka 2019 Italia ilipata mfululizo wa wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitumia virutubisho vya manjano, na madaktari wa Marekani nao wameripoti wagonjwa walioumia ini kwa bidhaa za namna hiyo, baadhi zikiwa na piperini. Ni wachache ukilinganisha na wanaotumia, lakini angalia mantiki yake. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO inayoshughulikia viongeza vya chakula iliweka kiwango cha kurkumini kinachokubalika kwa siku kuwa hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani miligramu 180 kwa mtu wa kilo 60. Kiwango hicho kilihesabiwa kwa kurkumini ya kawaida, isiyofyonzwa vizuri. Ukitengeneza inayofyonzwa mara 185, miligramu ileile haina maana ileile mwilini. Kijiko cha chai cha unga wako, gramu 3 hivi, kina miligramu 90 tu kwa asilimia 3, na nyingi inapita. Wazee wanaotia manjano kwenye mchuzi hawana la kuhofia.

Kuhusu blenda na hiyo mashine. Blenda ya nyumbani inatoa matone ya mikromita kadhaa, yaani nanomita elfu kadhaa. Viwandani nanoemalsheni hutengenezwa kwa mashine inayosukuma mchanganyiko kwenye tundu jembamba kwa mgandamizo wa baa mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Mawimbi ya sauti yanaweza pia kufanya kazi hiyo, lakini ni yale ya kifaa cha maabara chenye ncha inayozamishwa kwenye mchanganyiko, siyo beseni dogo la kusafishia miwani na vito linalouzwa kwa jina hilohilo. Zaidi ya hapo, wewe unauza unga mkavu. Unga uliopita kwenye chekecheo laini kabisa bado una punje za makumi ya mikromita, na kurkumini imejificha ndani ya punje hizo. Bila kuitoa humo, kuiyeyusha kwenye mafuta na kuivika, hakuna nano itakayopatikana hata mashine ikinguruma usiku kucha. Na anayeandika "nano" anapaswa kuwa na cheti cha maabara kinachoonyesha ukubwa wa chembe uliopimwa. Mwombe huyo kijana akuonyeshe.

Sasa tuje kwenye mlonge, ambako nakuomba uweke nguvu zako. Majani ya mlonge, sawa na mnafu, mchicha na majani ya maboga, yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hapa hatubahatishi kama kuna faida. Vitamini A ni lazima kwa macho, kwa ngozi na kwa kinga ya mwili. Na beta-karotini haina taabu ya ini kuiwahi kama kurkumini. Kikwazo chake kikubwa ni kwamba imefungwa ndani ya jani pamoja na protini, na kwamba inayeyuka kwenye mafuta tu.

Ukubwa wa kikwazo hicho umepimwa. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba kupata mikrogramu 1 ya vitamini A kunahitaji mikrogramu 12 za beta-karotini iliyo ndani ya chakula, lakini mikrogramu 2 tu za ile iliyoyeyushwa kwenye mafuta. Mara sita kwa kiambata kilekile! Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa wa mwaka 2004 uliwapa watu saladi ya mboga za majani, karoti na nyanya. Waliokula na kiungo kisicho na mafuta, karotini haikuonekana kuingia kwenye damu yao. Walioongezewa mafuta iliingia, na kadiri mafuta yalivyoongezeka nayo iliongezeka. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitia gramu 150 za parachichi kwenye mchanganyiko wa nyanya unaofanana na kachumbari yetu, na beta-karotini iliyofyonzwa ikapanda mara 2.6, na likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, mara 4.4. Parachichi, dada yangu. Sisi wa Arusha na Kilimanjaro huwa yanaoza chini ya miti msimu ukifika.

Sababu yake ndiyo kiini cha barua hii yote. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo humwagwa, kimeng'enya cha kongosho huyakata, na vipande vyake vikiungana na chumvi za nyongo hujenga vifuko vidogo vya nanomita chini ya 10. Beta-karotini husafiri ndani ya vifuko hivyo hadi ukutani. Mwili wenyewe unatengeneza vifuko vya nano kila unapokula mafuta, tena vidogo kuliko vile vya kwenye chupa. Usipoupa mafuta hauna cha kutengenezea. Profesa David Julian McClements wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mmoja wa wanaojulikana zaidi duniani kwenye fani hii, amekuwa akieleza wazo la chakula msaidizi, yaani chakula ambacho hakihitaji kuwa na kiambata ndani yake, ila kikiliwa pamoja na mboga kinaongeza kinachofyonzwa kutoka kwenye mboga. Mama zetu wanaounga mnafu kwa maziwa au mchicha kwa karanga wanafanya kitu hicho. Maziwa nayo yana protini ya kaseini iliyojikusanya yenyewe kuwa chembe za nanomita 150 hivi, na maabara za Israeli zilionyesha mwaka 2007 kwamba chembe hizo zinaweza kubeba vitamini D.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Makadirio ya watafiti ni gramu 3 hadi 5 za mafuta kwa mlo, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kina gramu 4 na nusu hivi. Hata mzee wa kisukari anayehesabu chakula chake anaweza kumudu hicho, kalori 40 tu.

Kwa hiyo wateja wako wanaokoroga mlonge kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi tumbo likiwa tupu wanapoteza sehemu kubwa ya walichonunua. Hilo ndilo la kurekebisha, na halina gharama. Andika kwenye pakiti: tia kwenye mboga au uji, pamoja na kijiko cha chai cha mafuta, parachichi au karanga. Ongeza na hili: usinywe pamoja na chai ya rangi au kahawa, kwa kuwa tanini zake huzuia madini ya chuma ya kwenye majani. Saa moja mbali na mlo inatosha.

Angalia pia unavyokausha. Beta-karotini huharibiwa na mwanga na hewa. Majani yanayoanikwa juani kwenye turubai hupoteza nyingi kabla hujasaga. Kausha kivulini penye upepo au kwenye kaushio la jua lililofunikwa, saga kidogokidogo kadiri ya mauzo, na uachane na mifuko inayoonyesha ndani hata kama wateja wanapenda kuona kijani.

Ukitaka bidhaa mpya, mimi ningejaribu mlonge na karanga. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, hivyo gramu 10 za karanga za kukaanga zilizosagwa kwa kila gramu 5 za mlonge zinatoa mafuta ya kutosha bila mteja kukumbuka kuongeza kitu. Itadumu muda mfupi kuliko mlonge mtupu kwa sababu mafuta huchacha, kwa hiyo pakiti ziwe ndogo. La hatari ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Karanga hununui kwa macho tu. Chambua zote zilizokunjamana na zenye ukungu, na upeleke sampuli kupimwa. Usije ukafikiria badala yake kusaga manjano mabichi na kuyahifadhi ndani ya mafuta kwenye chupa: kiazi kibichi kilichozama kwenye mafuta kinakosa hewa, na hapo bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu inayoweza kuua, wanaweza kustawi bila harufu wala rangi ya kukushtua.

Wazee wanaotumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda wamweleze daktari kabla ya kuanza mlonge kila siku. Majani ya kijani yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, na mafuta tunayoyasifu hapa yanasaidia hiyo pia ifyonzwe. Na kama kuna wavutaji sigara wanaouliza vidonge vya beta-karotini, wakataze: jaribio kubwa la Finland lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wavutaji miligramu 20 kwa siku, na saratani ya mapafu ikaongezeka kwa asilimia 18. Majani kwenye sahani hayajawahi kuonyesha hatari hiyo.

Kwa upande wa sheria, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na dawa ziko TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Pakiti ya chakula ikidai kutibu presha au kisukari, umetoka kwenye chakula ukaingia kwenye dawa, na hapo utaulizwa maswali mengine kabisa. Anza na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Moshi wakupe barua ya utambulisho kwenda TBS. Siku ukitaka kweli kujifunza nanoteknolojia ya chakula, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, nauli ya basi moja kutoka kwako, na ina watu wa sayansi ya vifaa na wa chakula.

Tengeneza kilo chache za mlonge na karanga, upeleke sampuli, na majibu ya sumukuvu yakitoka niandikie kabla hujachapisha lebo. Nitazipitia hesabu za mafuta na maneno ya pakiti pamoja nawe.